Mtamba Auzwe kwa Ajili ya Nani?

"Mtamba anauzwa Jumamosi," Lusajo alisema. "Nimeshaongea na mtu wa Kiwira."

"Umeongea naye lini?"

"Jana."

"Bila kuniuliza."

"Nikuulize nini, Subilaga? Wakili anataka hela yake. Miaka yote umenililia unataka mtoto. Mtoto yupo, imebaki mahakama tu. Leo ndiyo unaingiwa na huruma ya ng'ombe?"

"Siyo ng'ombe. Unajua kabisa kwamba siyo ng'ombe."

"Basi sema ni nini."

Subilaga alichukua ndizi nyingine. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za jioni, na utomvu ulikuwa umemganda vidoleni. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati kwa kelele, na yeye aliishukuru ile kelele, maana ilimpa muda.

"Ni Tupokigwe," alisema mwishowe. "Mwalimu mkuu ameniambia shule ikifunguliwa bila yeye, nafasi yake anapewa mwingine."

"Nafasi ya Tupokigwe," Lusajo akarudia. "Mwaka mzima hukuiona hiyo nafasi. Leo umeiona."

Subilaga akainamia ndizi zake, kwa sababu ilikuwa kweli.

Waacheni hapo kidogo, ninyi mnaosikiliza. Mwisho wa hadithi hii mtaombwa kuamua, na hamwezi kuwaamulia watu msiowajua. Kabla ya mtoto kuja, nyumba hii ilikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Lusajo alikuwa na kipaji cha kupata hela. Alinunua ndizi mashambani, akazipakia kwenye malori ya Dar es Salaam, na hata mwaka ambao ndizi zilioza njiani yeye alirudi na kitu mfukoni. Majirani walimtania kwamba angeweza kuwauzia watu wa Tukuyu mvua.

Mkewe, Subilaga, alikuwa na kipaji cha kungoja. Alichuma chai kwenye shamba la kampuni, na jioni wenzake walipogombania mzani yeye alisimama pembeni na kapu lake mpaka wote wapime. Kwenye foleni ya hospitali hakuwahi kuuliza kama bado.

Tupokigwe, mpwa wa Lusajo, alikuwa na kipaji cha kutuliza. Mtoto aliyelia mikononi mwa watu wote alinyamaza kwake. Mama yake, dada wa Lusajo, alifariki, na matanga yalipokwisha binti huyu alikuja na mfuko mmoja wa nguo, akavua viatu mlangoni, akamwita Subilaga mama. Hakuna aliyemwambia amwite hivyo. Hakuna ofisi iliyoulizwa, hakuna aliyemngoja, hakuna aliyemlipia kitu. Asubuhi yake alikwenda shule.

Lusajo na Subilaga hawakujaliwa kuzaa. Walipochoka kutembelea hospitali walikwenda ustawi wa jamii kuuliza habari za kuasili mtoto. Afisa aliyewapokea, Bi. Mbonea, hakuwaficha kitu.

"Mtoto hauzwi," aliwaambia. "Ofisi hii haichukui hata senti. Lakini kuna vipimo, kuna safari, kuna chumba cha kuandaa, na mwisho kuna wakili na Mahakama Kuu kule Mbeya. Jipangeni. Na kuhusu kungoja, inategemea. Mkimtaka aliyekwisha kukua, wa miaka sita au saba, hamtakaa sana. Mkimtaka mdogo, mko nyuma ya watu wengi."

Lusajo alimtazama mkewe. "Hata huyo mkubwa si ni mtoto?"

"Mdogo," Subilaga alisema. "Nataka wa kubeba mgongoni."

Bi. Mbonea akaandika. Ni Subilaga, basi, aliyeichagua njia ndefu, na aliikumbuka siku hiyo kila mara kitu kilipotoka ndani ya nyumba.

Lusajo alilipa. Kwanza iliondoka pikipiki aliyokuwa akifuatia ndizi, na tangu hapo alipanda vilima kwa miguu. Zikaondoka mbao alizokuwa amezitunza ili aongeze vyumba viwili. Kisha akakopa kwenye kikoba, mkopo ambao waliendelea kuulipa kila wiki. Watu walipomuuliza habari za pikipiki alijibu kwamba ilikuwa imezeeka. Haikuwa imezeeka.

Subilaga alingoja. Kila mwezi, siku yake ya mapumziko, aliteremka mpaka ofisini, akakaa kwenye benchi, akaambiwa bado, akashukuru, akapanda kurudi. Wanawake aliochuma nao chai walizaa, watoto wao wakatembea, wakaanza shule. Kitenge alichokinunua kwa ajili ya mbeleko kilipauka kwenye mikunjo kabla hakijambeba mtu. Siku moja wakwe zake walikuja wakamuuliza Lusajo, yeye akisikia, kama hana mpango wa kuongeza mke. Subilaga aliwawekea chai, akawaongezea na sukari.

Hatimaye akaletwa Sekela, msichana ambaye hajafikisha miaka miwili, mwenye macho makubwa na hasira ya haraka. Aliletwa kwa majaribio. Wangemlea kwanza, ofisi ikiwatazama, ndipo mambo yaende mahakamani. Sharti la Bi. Mbonea lilikuwa kwamba mama mwenyewe ashinde naye nyumbani.

Lakini Subilaga angeacha kuchuma chai, kikoba kingelipwa na nani? Usiku mmoja alimwita Tupokigwe jikoni. Binti alikuwa kidato cha pili.

"Muhula mmoja tu," Subilaga alimwambia. "Akizoea, unarudi shule."

"Sawa, mama."

Tupokigwe alibaki. Sekela alikuwa hataki kuwekwa chini, na maziwa alikuwa anayatema. Tupokigwe ndiye aliyegundua kwamba mtoto huyu hanywi akitazamwa. Ukimgeuzia kisogo na kujifanya una shughuli zako, anamaliza kikombe chote. Alimbeba akifua, alimbeba akichota maji, alimbeba wenzake walipopita barabarani na sare zao wakimpungia mkono. Muhula ukaisha, na wa pili ukaisha. Jikoni hakuna aliyelisema neno shule. Subilaga alipokuwa nyumbani, akiwasikia wanafunzi wanakaribia, alichukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Ndipo Bi. Mbonea akatuma ujumbe kwamba anakuja kukagua nyumba kwa mara ya mwisho.

Subilaga alilala bila usingizi. Asubuhi alitoa sare ya Tupokigwe sandukuni, akashusha pindo la sketi maana binti alikuwa amerefuka, akapanga vitabu mezani.

"Vaa hii, mwanangu. Ni leo tu."

Tupokigwe alivaa.

Bi. Mbonea alikagua chumba, akakagua choo, akanywa chai. Subilaga alimpakata Sekela. Afisa akamgeukia binti aliyekuwa mezani.

"Na huyu anasoma wapi?"

"Shule ya kata," Subilaga akajibu. "Anakaa hosteli. Leo kapewa ruhusa aje kutusalimu."

"Unapenda somo gani, binti?"

"Baiolojia," Tupokigwe alisema.

"Mmefika wapi sasa hivi?"

Tupokigwe alikawia kidogo, kisha akaeleza habari za ua na sehemu zake, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Ndiyo mada aliyoiacha darasani. Katikati ya maelezo Sekela alimnyooshea mikono ili abebwe. Akalia kidogo, akazidi kunyoosha. Tupokigwe hakumpokea. Aliinamisha macho kitabuni mpaka mtoto akachoka, akaegemea kifua cha Subilaga.

Bi. Mbonea alifunga mkoba wake akiwa ameridhika. "Nyumba inayosomesha yatima wa ndugu," alisema, "sina wasiwasi nayo. Ripoti yangu itakuwa nzuri."

Na ilikuwa nzuri. Alipoondoka, Tupokigwe alivua sare, akaikunja vizuri, akauliza, "Niiweke wapi, mama?"

Subilaga akaanza kukusanya vikombe. Sare iliachwa juu ya kiti siku nyingi, kila mtu akiizunguka.

Sasa mnajua waligombana kuhusu nini.

Ripoti imekamilika. Wakili akilipwa sasa, shauri linaingia kwenye kikao hiki cha mahakama, na Sekela anakuwa mtoto wao. Asipolipwa, watangoja kikao kijacho. Lakini Bi. Mbonea anahamishwa. Afisa mpya ataanza ukaguzi upya, na huenda akauliza maswali shuleni. Na mpaka mahakama iamue, Bi. Mbonea alikwisha kuwaambia, ndugu yeyote wa Sekela akijitokeza, mtoto anaweza kurudishwa kwao.

Upande mwingine kuna shule. Inafunguliwa wiki ijayo. Mwalimu mkuu anataka Tupokigwe akae hosteli ili afidie mwaka uliopotea, na hosteli ina gharama, na atahitajika mama wa kulipwa kila mwezi amwangalie Sekela mchana. Nafasi ya Tupokigwe haitamngoja mwaka mwingine.

Kilichobaki cha kuuzwa ni mtamba mmoja, ambaye bado hajafikia umri wa kupandishwa. Bei yake inatosha jambo moja. Imekwisha kupigiwa hesabu mara nyingi, haitoshi mawili. Na mtamba mwenyewe mkiuliza ni wa nani, mtapata shida, maana mama yake alinunuliwa na Lusajo, majani yake alikata Subilaga mvuani, na mama yake alipokufa baada ya kuzaa, aliyemnywesha maziwa kwa chupa mpaka akasimama alikuwa Tupokigwe, na Sekela mgongoni.

Turudi kwao.

"Nisikilize," Lusajo alisema, sauti imeshuka. "Unadhani mimi silioni? Ni mtoto wa dada yangu. Nilimzika dada yangu kwa mikono hii. Lakini Sekela akichukuliwa, basi Tupokigwe atakuwa ameacha shule kwa ajili ya nini? Kwa bure. Tumalize hili kwanza. Mwakani nikipata, nampeleka hata shule ya kulipia."

"Mwakani," Subilaga alisema. "Mimi nilimwambia muhula mmoja."

"Mimi siyo niliyemwambia."

"Najua siyo wewe."

"Na wa miaka sita tungempata mapema, pikipiki yangu ingekuwepo, na huyu binti angekuwa kidato cha tatu. Ni wewe uliyetaka wa mgongoni. Kwani umembeba mara ngapi?"

Kisu kilisimama kwenye ganda la ndizi. Lusajo mwenyewe aliona amefika mbali, akatazama pembeni.

"Tukamwambie Bi. Mbonea ukweli," Subilaga alisema polepole. "Tumwombe atusaidie."

"Tumwambie tulimvalisha mtoto sare tukamdanganya? Atamchukua Sekela siku hiyo hiyo. Na akimchukua anampeleka kituoni, akae humo na kikombe chake, wanamtazama, hanywi. Unalitaka hilo?"

"Silitaki."

"Basi tufanyeje? Niambie wewe, maana mimi nimeshasema."

Subilaga alifungua mdomo. Alitaka kusema, mpeleke Tupokigwe shule. Akaona kitanda kidogo kitupu. Alitaka kusema, mlipe wakili. Akaiona sare juu ya kiti. Kungoja alikokuweza maisha yake yote hakukumfaa kitu sasa. Safari hii, kila siku aliyoongeza ilikuwa siku ya mtu mwingine.

Haya, ninyi mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo, sasa ni zamu yenu. Bila hela ya Lusajo, Sekela asingefika katika nyumba ile. Bila kungoja kwa Subilaga, asingefika. Bila Tupokigwe kukaa mezani na sare iliyoshushwa pindo, ripoti isingeandikwa vile. Aliyelipa anataka mtamba aende kwa wakili. Aliyengoja anataka mambo mawili, na mtamba ni mmoja. Aliyeacha shule hajaulizwa anataka nini, na Sekela hajui kuulizwa. Msije mkajibu kwamba wangeomba mkopo, walikwisha kukopa. Msije mkasema wote watatu wana haki, maana hilo hata wao walilijua, na Jumamosi bado ilikuwa inakuja. Ingekuwa nyumba yako, kamba ya mtamba mkononi mwako, wewe ungemuuza kwa ajili ya nani?

Fikirini taratibu, tena kwa sauti ndogo. Kwa kelele za ile mvua, Lusajo na Subilaga hawakuwa wamesikia mtu akija. Walipoinua macho, Tupokigwe alikuwa amesimama mlangoni, amelowa mabega, Sekela amefunikwa vizuri mgongoni. Haikujulikana alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Mama," alisema, "semeni polepole. Ndiyo kwanza amelala."