Mzigo wa Kupimia Pikapu

Tajiri Mrutu ndiye peke yake aliyekuwa na pikapu kule mlimani, na wiki nzima aliwakatalia akina mama kuwashushia tangawizi yao sokoni, eti magunia yangemchafulia gari. Siku moja pikapu ikaanza kushtuka-shtuka kila ilipokwenda polepole. Akaipeleka kwa Nakijwa, fundi mwanamke aliyefungua gereji kwenye kiwanja cha tajiri huyo.

"Itengeneze leo, tena bure," alisema, "la sivyo utahama kiwanjani kwangu."

"Hewala, mzee." Nakijwa akainama kwenye injini kwa muda mfupi, akafunga boneti. "Ugonjwa wa mwendo mdogo hupimwa kwa mwendo mdogo, gari likiwa na mzigo. Sijui mzigo tutaupata wapi."

Mrutu akaangaza macho. Magunia ya tangawizi yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, akina mama wakiyalinda.

"Hayo siyo mzigo? Pakieni!" akaamuru, akijiona mjanja.

Wakateremka taratibu hadi sokoni, akina mama wakiwa juu ya magunia, Nakijwa ametega sikio. Pikapu haikushtuka hata mara moja.

"Shusheni, tuisikilize ikiwa tupu," fundi akasema. Magunia yakashuka, wanunuzi wakayavamia. Injini ilinguruma vizuri.

"Kumbe ilikuwa na nini?" Mrutu akauliza.

Nakijwa akatoa mfukoni plagi kuukuu ya injini, imejaa masizi. "Hii hapa. Niliibadilisha kabla hatujaondoka."

"Sasa huku chini tumefuata nini?"

"Kuuza tangawizi, mzee. Nani angeipakia kwenye gari bovu?"