Kura ya Bwawa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na bwawa.
— La nani?
— La wote, mpaka Kiboko aliponunua simu!

Kiangazi kilikuja, maji yakapungua, Kiboko akayataka yote. Akatupia swali kwenye kundi la simu la wanyama: "Je, bwawa liwe la Kiboko peke yake? NDIYO au HAPANA." Kisha akawaita tumbili pembeni, akawamwagia ndizi.

"Wajukuu zangu, msisome, mtachoka bure. Mkiona jina langu, bonyezeni NDIYO. Mkimaliza, bonyezeni tena."

Ti! Ti! Ti! Hadi jioni NDIYO zilikuwa zimejaa pomoni.

Asubuhi Mama Pimbi akaja na wanawe, makoo yamewakauka. Kiboko akamzuia ukingoni. "Rudi, mama. Umma umesema."

Umma gani? Pimbi alikereka, akatamani kung'ata mtu. Akaenda kwa Ngiri. "Ulipiga kura?"

"Simu haina chaji, shoga."

Akaenda kwa Kobe. "Ulipiga kura?"

"Ukurasa bado unafunguka."

Akaenda kwa Swala. "Ulipiga kura?"

"Kura gani tena?"

Akaenda kwa Tumbili. "Wewe je, ulisoma swali?"

"Kwani kulikuwa na swali? Babu alisema tukiona jina lake tubonyeze NDIYO."

"Lahaula!" Pimbi akashika kichwa. Wanawe wanalia kiu, na huyu anamenya ndizi! Akachukua simu yake, akaandika: "Je, Kiboko ahame bwawa leo hii? NDIYO au HAPANA."

Tumbili wakaona jina. Ti! Ti! Ti! Wakamaliza, wakabonyeza tena.

Kiboko akatoka majini, maji yanamchuruzika. "Acheni, wapumbavu nyie! Siyo hiyo!"

"Si jina lako, babu?" Ti! Ti! Ti!

Akamgeukia Pimbi, povu linamtoka. "Kura za simu si za kuaminika! Hawa hata hawasomi!"

"Mzee wangu," Pimbi akasema, "jana hawa walikuwa umma."

Nyati, aliyekuja kunywa maji naye, alikuwa ameshainamisha pembe. Nyuma yake wenye kiu wote wakapaza sauti, "Umma umesema!", hata Swala, ambaye bado hakujua umesema nini. Kiboko akaondoka akinuna. Wana wa Pimbi wakanywa, gu! gu! gu!

Basi, mafunzo ni haya: ukitaka kujua watu wanataka nini, usihangaike kuwauliza watu. Iulize simu. Haikosei kamwe, wala haili ndizi.

Ngano imefika ukingoni. Iliyemnogea abonyeze NDIYO. Asiyenogewa abonyeze HAPANA, nami nitamhesabu NDIYO.