Fundi Tairi na Binti Yake

Fundi mmoja wa tairi alikuwa na binti wa pekee, na alikuwa amemfundisha kila alichokijua. Fundi huyo aliitwa Ambakisye. Gereji yake ilikuwa Itula, mji mdogo wa nyanda za juu, jirani na uwanja wa udongo mwekundu ambako vijana hushindana kwa vigari vidogo visivyo na paa wala milango, dereva akiwa ameketi shibiri moja tu kutoka ardhini. Binti aliitwa Tusekile. Alikuwa na miaka ishirini, na kigari alichoendesha kiliunganishwa na baba yake kwa mikono yake mwenyewe.

Katika mashindano yale injini za vigari hazipishani sana. Anayeshinda mara nyingi ni yule ambaye tairi zake zimekubaliana na ardhi, na ardhi ya uwanja ule haikai siku nzima ikiwa vilevile. Kwa hiyo kabla ya kila mbio Ambakisye aliingia uwanjani kwa miguu. Kwenye kila kona alipiga goti, akafagia vumbi kwa kiganja, akabonyeza udongo kwa kidole gumba. Kisha alirudi akasema ivaliwe tairi ipi. Alikosea mara chache sana. Na yeyote aliyemuuliza alimjibu, awe mteja wake au asiwe.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwa Tusekile, kwa maana mashindano hayapokei dereva aliyevuka miaka ishirini. Tena mwaka huo, tofauti na miaka iliyopita, mshindi angechukuliwa na timu ya mjini kwenda kujifunza udereva wa magari makubwa ya mbio. Mara tatu Tusekile alikuwa amejaribu kushinda. Mara tatu alishika nafasi ya pili.

Basi kwa siku saba aliandaa seti mbili za tairi. Ya kwanza ilikuwa ngumu. Hiyo aliisugua kwa msasa mpaka ngozi ya juu ikaondoka, akaifuta, akaiweka kivulini. Ya pili ilikuwa laini, na hiyo ndiyo iliyomlia muda. Kila asubuhi aliipaka dawa ya kulainisha mpira, akaizungusha polepole kwenye mhimili wa chuma ili dawa isituame upande mmoja, akaifunga kwa nailoni, na jioni akaifungua na kuifuta. Siku ya saba ukucha ulizama ndani ya mpira kama unavyozama kwenye nta. Tusekile alizipenda tairi zile. Mikono yake ilinuka dawa hata alipokula.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali. Mchana, kabla ya fainali, uwanja wote ulikuwa na vumbi, na madereva wengi waliona kwamba ardhi imekuwa ya kuteleza na kwamba tairi laini ndizo zitakazoishika. Ambakisye aliingia uwanjani, akapiga goti, akafagia. Chini ya vumbi alikuta mstari mweusi unaong'aa. Ulikuwa mpira wa tairi zilizopita tangu asubuhi, umegandamana na udongo mpaka ukawa kama lami. Alirudi akamwambia binti yake avae tairi ngumu, kwa sababu ardhi ile itashika yenyewe, na tairi laini itachemka kabla mbio hazijafika nusu.

Tusekile akaenda kuzichukua zile ngumu. Alipogeuka aliona kijana mmoja amesimama mbele ya baba yake. Alikuwa Lugano, dereva wa gereji nyingine, ambaye ndiye aliyekuwa amemtangulia mara zile tatu. Lugano alimwamkia mzee kwa heshima, kisha akamuuliza tairi gani zinafaa. Ambakisye hakumjibu kwa mdomo tu. Alimchukua mpaka kona ya kwanza, akapiga goti tena, akafagia vumbi, akamwonyesha ule mstari mweusi.

Tusekile aliyaona hayo yote akiwa ameshika tairi mkononi. Baba yake aliporudi alimuuliza kwa nini amefanya hivyo siku ya leo, na kwa mtu yule. Mzee akasema kijana ameuliza hali ya ardhi, naye hana habari mbili za ardhi moja. Lakini Tusekile alihesabu hivi moyoni: injini ya Lugano ni mpya kuliko yangu, wote wawili tukivaa ngumu, atanipita. Neno ambalo baba amempa kila mtu, mimi limenifaidia nini? Naye akazikumbuka tairi zake laini, na siku zake saba.

Akazirudisha ngumu, akaleta laini.

Ambakisye alimwona. Alirudia neno lake mara moja, kwa sauti ya chini, na alipoona uso wa binti yake haubadiliki hakumlazimisha, kwa maana binti alikuwa mtu mzima. Alichuchumaa kando ya kigari akapunguza upepo kidogo katika kila tairi, ili joto lichelewe kuzijaa. Kisha akakaza nati zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, akarudia kuzikaza. Alitaka mwanawe arudi salama.

Mbio zilikuwa za mizunguko ishirini. Katika mizunguko sita ya kwanza Tusekile aliongoza, na hakuna aliyemkaribia. Tairi laini ziliuma ardhi kila kona, na kila alipolipita jukwaa aliwasikia watu wakimshangilia. Alidhani baba yake amekosea. Mzunguko wa saba kigari kilichelewa kidogo kukata kona. Wa nane kikachelewa zaidi. Mpira ulianza kuvimba malengelenge, usukani ukawa unatetemeka mikononi mwake, na kila alipokata kona kigari kilikwenda nje kama kinachovutwa na mtu. Mzunguko wa kumi na moja Lugano alimpita kwa ndani, taratibu, bila kushindana naye sana. Kisha wakampita wengine wawili. Alimaliza wa nne.

Baba yake alikuja kukisukuma kigari pamoja naye. Hakutaja tairi. Walikisukuma mpaka gereji, naye Tusekile hakuvua helmeti mpaka walipofika ndani.

Siku mbili alifanya kazi akimpa baba yake mgongo. Alikuwa na hasira na baba yake, na hasira na Lugano, na alijitafutia kila siku sababu ya kuendelea nazo. Siku ya tatu, mchana, walikuwa wakiondoa tairi zilizoharibika kwenye rimu, baba akishika upande mmoja na binti upande mwingine. Mpira ulikuwa umechunika kama ngozi iliyoungua. Tusekile akaacha kazi, akakaa chini sakafuni, akasema:

"Baba, ungeniambia mimi peke yangu, ningevaa ngumu."

Na alipokwisha kuyasema aliyasikia maneno yake mwenyewe, akafunika uso kwa mikono yake akalia. Mzee alikaa chini karibu naye, na mikono yake ilikuwa michafu, kwa hiyo hakumshika. Alikaa tu mpaka binti alipomaliza kulia.

Lugano alikwenda mjini na timu. Tusekile alibaki gereji kwa baba yake. Mwaka uliofuata alianza kuingia uwanjani naye, akapiga goti mahali alipopiga baba yake, akafagia vumbi kwa kiganja chake, na madereva wakaanza kumuuliza yeye pia. Mwanzoni ilimwia vigumu kuwajibu wote sawasawa. Wengine walikuwa wamempita siku ile. Lakini aliwajibu.

Ndugu zangu, yule binti aliambiwa kweli, tena akaambiwa wa kwanza, na aliyemwambia ni baba yake aliyempenda. Kweli hiyo haikupungua hata kidogo jirani yake alipoambiwa. Basi ninyi mnaokuja hapa ibadani kila juma kuomba mwonyeshwe njia: mnaitaka njia, au mnataka jirani yenu asiione?