Somo wa Mtoto wa Hidaya

Sogeeni karibu. Nina mtoto hana jina, na mkinisikiliza vizuri, ninyi ndio mtakaompa.

Katika kiwanda kimoja cha betri za magari walifanya kazi wanawake watatu. Siwema alikuwa na jicho: bamba la ndani ya betri likiwa na ufa mwembamba kama unywele, yeye huuona. Mashavu alikuwa na mkono: kifuniko alichokifunga hakipitishi maji. Riziki alikuwa na subira: betri ikichajiwa, haitoi mpaka ijae. Na desturi ya kiwanda hicho ni kwamba kila fundi hugonga alama yake ubavuni mwa betri. Siwema nukta, Mashavu mstari, Riziki duara.

Siku moja Siwema aliona bamba lenye ufa. Wenzake walikuwa wameshavua glovu kwenda kula. Yeye akalirudisha kwenye tanuri, akasubiri jingine.

Betri ikafika kwa Mashavu. Akaifunga, lakini kona moja haikumridhisha. Akafungua, akafuta, akafunga upya.

"Unaipamba kama bibi harusi," wakamtania.

"Bibi harusi ana shangazi zake wa kumlinda. Hii itamlilia nani?"

Kwa Riziki, msimamizi alikuja mbio. "Itoe hiyo, lori linaondoka."

"Haijajaa, bosi."

"Inatosha kuwasha gari."

"Mara moja, ndiyo. Gari likikataa?"

Lori likaondoka bila betri ile. Ikapakiwa kesho yake.

Betri hiyo ikafungwa kwenye gari la wagonjwa. Msimu wa mvua, Hidaya akashikwa na uchungu wa kuzaa, gari hilo likamchukua kwenda hospitali. Njia nzima gari lilirushwa na mashimo. Kisha wakaingia kwenye maji yaliyofika kwenye taa, na injini ikazima. Mbwana, dereva, akawasha, ikakataa. Akawasha tena na tena. Hidaya alimshika nesi mkono. Mwishowe injini ikakohoa, ikashika.

Mtoto wa kike alizaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, asingelia.

"Ishukuru betri, dada," Mbwana akamwambia Hidaya, akamwonyesha: nukta, mstari, duara. Hidaya akadhani ni alama ya mtu mmoja. Siku ya kumpa mtoto jina, akambeba hadi kiwandani.

"Namtafuta mwenye alama hii. Nataka awe somo wa mwanangu."

Wakatoka watatu.

Kwao Hidaya, mtoto hupewa jina moja, la somo mmoja, na somo huyo humlea kama mama wa pili.

Siwema akampokea mtoto. "Mwite Mashavu. Maji yangeingia, bamba langu lingefaa nini?"

Mashavu akampokea. "Mwite Riziki. Nguvu ile isingekuwepo, kifuniko changu kingefunika nini?"

Riziki akampokea. "Mwite Siwema. Bamba lingevunjika mashimoni, ningechaji kitu gani?"

Kila mmoja alimsifu mwenzake. Lakini Hidaya, kwa kuwa ni mama, aliona kwamba kila mmoja alichelewa kidogo kumwachia mtoto.

Nyumbani wageni wameshakaa mkekani, wanangoja kusikia jina. Mtoto amefumbua macho, anawatazama wote.

Haya, niambieni ninyi: je, tumwite nani?