Kiboko Aliyepanda Mti kwa Mdomo

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa mzinga juu ya mkuyu. Asali ya nani?

Ya aliyepanda.

Na anayelamba?

Aliyekaa chini kivulini.

Haya, mmeitikia vizuri. Mwenye kutafuna atafune kimya, na mwenye kusinzia asiegemee wenzake.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiajiriana, Mzee Tembo alikuwa na mizinga saba ya nyuki juu ya mkuyu mmoja kando ya mto. Mwenyewe alikaa mbali, kilimani, maana wenye mali hawapendi kukaa karibu na kazi. Huku mtoni alimweka Kiboko awe meneja. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu alikuwa mnene, na Mzee Tembo aliamini kwamba mwili mkubwa una mawazo mengi ndani.

Chini ya Kiboko walikuwapo watatu. Kwanza Kindi, wa kupanda na kurina asali. Halafu Kasuku, karani, ambaye hakuandika kitu, lakini neno likishaingia sikioni mwake lilitoka vilevile lilivyoingia, hata mwaka upite. Na Sisimizi, wa kufagia nta iliyodondoka, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Kiboko mwenyewe kazi yake ilikuwa kuitisha vikao. Asubuhi kikao. Mchana kikao cha kuulizana kikao cha asubuhi kimefikia wapi. Kati ya kikao na kikao, ngrooo, ngrooo, anawaza huku macho amefumba.

Kindi alikaa ndani ya tundu la mkuyu uleule. Tundu lilikuwa la kazi. Una kazi, una tundu. Huna kazi, huna tundu. Basi Kindi akachapa kazi. Kila asubuhi alipanda, paru, paru, paru, hadi kwenye mzinga, akabisha.

"Hodi."

"Nani?" wanauliza nyuki, zzzz.

"Mimi Kindi wa chini. Mmeamkaje?"

"Salama. Habari za huko?"

"Nzuri. Migunga ya ng'ambo imechanua jana. Wahini kabla upepo haujapukutisha."

Nyuki wanakwenda zao, zzzz, kwenye maua. Kindi anakata masega yake, anawaachia yao, anashuka. Hajaumwa hata na mmoja.

Siku moja Kiboko akaisikia ile hodi, akanuna. "Unapoteza saa za kazi kupiga soga na wadudu. Kuanzia leo salamu marufuku."

"Sawa, bosi," akasema Kindi. Kesho yake akabisha hodi kwa sauti ndogo zaidi.

Sasa, kila mwezi ukiandama palikuwa na baraza kilimani. Na desturi ya baraza ilikuwa hii: Mzee Tembo anauliza mara tatu, meneja anajibu mara tatu, Kasuku anayashika maneno, na lililosemwa pale halifutiki. Akibainika mtu kadanganya, anahama nchi.

"Nani kaleta asali hii?"

"Mimi mwenyewe."

"Nani kapanda mtini?"

"Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii minne."

"Nani kazungumza na nyuki?"

"Mimi mwenyewe, na wananiogopa."

Pa, pa, pa, wanyama wanapiga makofi. Msiniulize kama kuna aliyeamini. Watu walikuwa wanasubiri chakula. Na Mzee Tembo alitazama mitungi tu. Imejaa? Imejaa. Basi.

Mwaka ukazunguka, Kindi akazaa watoto watatu, wachanga hata macho hawajafumbua. Zikabaki siku mbili kufika baraza la masika, ambalo hufanyika chini mtoni, maana Pundamilia wa ng'ambo hualikwa kuja kuonja asali. Kiboko akamwita Kindi.

"Shikamoo, bosi."

"Mm. Kindi, umefanya kazi, tunakushukuru. Sasa kuna shemeji yangu, Ngiri, kijana mzuri, hana pa kujishikiza. Nampa nafasi yako."

"Ngiri ataweza kupanda mti?"

"Atafundishwa. Kwani kupanda kuna nini? Hata mimi naweza."

Kindi akamtazama. Shingo hana, kiuno hana, mguu kama kinu.

"Ni kweli, bosi," akasema. "Hata wewe unaweza."

"Baraza likiisha, uwe umewatoa wanao kwenye tundu. Ngiri ataweka vitu vyake."

Kindi akatoka. Mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi kama matako ya chungu. Kule tunduni watoto wanalia, wii, wii, hata nje hawapajui.

Mwingine angekaa chini akalia nao. Mwingine angekimbilia kilimani kumsema Kiboko, akaonekana ana wivu, akafukuzwa mara mbili. Kindi akaenda kusalimia watu.

Akaanzia kwa Kasuku. "Shoga, hujambo?"

"Sijambo, na habari nimeshaipata. Pole."

"Nishapoa. Hivi yale ya bosi barazani unayakumbuka?"

"Ya mwezi gani?"

"Yote."

"Mpaka kukohoa kwake ninako humu," akasema Kasuku, akajigonga kichwa kwa ukucha.

Akapanda kwa nyuki. "Hodi. Kesho kutwa siji mimi. Pengine atakuja mkubwa wangu."

"Anajua kubisha hodi?"

"Shikamoo yenyewe anaijibu mm."

Nyuki wakanyamaza. Nyuki wakinyamaza ujue wanapanga. "Mwambie karibu," wakasema.

Siku ya baraza wageni wakajaa chini ya mkuyu. Mzee Tembo akauliza mara tatu, Kiboko akajibu mara tatu bila hata kupepesa macho. Mtu akisema jambo mwaka mzima, anaanza kulikumbuka kama alilifanya. Makofi yakalia, pa, pa, pa. Yalipotulia, Kindi akanyoosha mkono.

"Mzee, leo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Naomba niage."

"Aga."

"Nawashukuru wote, na zaidi namshukuru bosi wangu. Wako wanaopanda miti kwa sababu Mungu kawaumba wepesi. Hao si kitu. Huyu anapanda akiwa hivihivi mnavyomwona. Shemeji yake anaanza kesho, anataka kujifunza. Wageni nao wamevuka mto. Mzee, nisiondoke kabla hatujamwona akipanda, japo mara moja."

Masikio ya Mzee Tembo yakapepea, papatu, papatu. Hakuna mwenye mali asiyependa wageni waone. "Umesema vizuri, binti. Kiboko, panda."

Kiboko akacheka peke yake. "Mzee, leo goti linanisumbua."

Kasuku akakohoa kohoho, kikohozi cha Kiboko kabisa. "Mwezi wa tatu. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii minne, hata goti likiuma."

"Na nimekula sana asubuhi."

"Mwezi wa sita. Nikishiba ndiyo napanda vizuri zaidi."

"Mti wenyewe unateleza."

"Mwezi wa tisa. Palikuwa na mvua, lakini kwangu mvua ni nini?"

Pundamilia mmoja akapaliwa na asali. Mzee Tembo hakucheka. "Panda," akasema, "au uhame."

Kiboko akaukumbatia mkuyu. Ngiri akasukuma kwa nyuma, puu, puu, puu, maana shemeji ni shemeji. Mguu mmoja ukapanda. Mguu wa pili ukapanda. Tawi la chini likalia kwaa, kwaa. Mzinga wa chini kabisa ulikuwa karibu na pua yake. Kindi akamwambia taratibu kutoka chini, "Bosi, bisha hodi."

"Nimbishie mdudu?" akasema Kiboko, akaupiga mzinga kofi.

Zzzzzzz.

Alivyoshuka hakushuka kwa miguu minne wala kwa miwili. Alishuka mwili wote kwa pamoja, gubuu, juu ya Ngiri, akainuka mbio, chubwii, mtoni. Akainua kichwa, zzz, wapo. Akazama. Akainua kichwa, zzz, bado wapo. Mpaka leo mkienda mtoni mtamwona. Anatoa macho na pua tu, anachungulia kama nyuki wameondoka, anapuliza pfuuu, anarudi chini. Ngiri yeye alikimbia mkia juu, na hajaushusha bado.

Mzee Tembo akatazama mtungi mtupu, akatazama mti. "Sasa nani atarina?"

Kutoka juu nyuki wakaita, "Kindi, mbona huji? Ng'ambo leo kumechanua nini?"

Palepale Kindi akawa meneja. Mvua ya masika ikashuka usiku uleule, na watoto wake wakafumbua macho ndani ya tundu kavu, tumbo limejaa.

Mwezi ukaandama tena, baraza likakaa kilimani. Mzee Tembo alikuwa ameshuka mtoni wiki ile, ameona chini ya mkuyu panang'aa kama sahani. Akauliza, "Nani kafagia pale?"

Nyuma kabisa, Sisimizi akatoa kichwa.

Kindi akakohoa kidogo. Akatazama mtungi, akatazama wanyama waliokuwa wakimtazama.

"Mimi mwenyewe," akasema, "kwa mkia wangu huu."

Pa, pa, pa. Kasuku akalishika neno, akaliweka.

Kesho yake asubuhi na mapema Sisimizi alionekana akipita mlango hadi mlango. Alianzia kwa Kasuku.

"Hodi, dada. Umeamkaje?"

Mzinga wangu umekauka hapo. Anayetaka zaidi apande mwenyewe.

Na funzo? Lipo. Wakubwa wa kazi wasisemwe vibaya hata siku moja. Kindi hakumsema Kiboko hata neno, alimsifu tu, na mmeona alivyofanikiwa. La pili, salamu kazini ni kupoteza muda, mziache kabisa.

Haya, nani kaosha masufuria?

Mbona nyote mmenyoosha mkono?