Programu ya Kumsalimia Mama

Kulikuwa na kijana mmoja, si wa usharika huu, kwa hiyo msianze kutazamana. Alifanya kazi katika ofisi ya maji kwenye mji fulani, upande wa kompyuta. Alikuwa hodari wa lugha moja ya zamani ya kuiandikia kompyuta amri, inaitwa Perl. Wenzake waliokuja nyuma yake walimcheka kwa kuing'ang'ania, kama vile mngemcheka mtu akiingia humu na suruali ya bugaluu. Lakini ilifanya kazi! Ukitaka kompyuta ipitie rundo la maandishi na kukutafutia neno, hapo ndipo mahali pake. Kijana akaandika programu ndogo ya kusoma malalamiko yaliyoingia kwenye simu ya ofisi: ikikuta "bomba" inapeleka kwa mafundi, ikikuta "bili" inapeleka kwa wahasibu. Akaandika nyingine ya kupanga picha za mita. Akaandika nyingine ya kumtumia mkuu wake ripoti kila asubuhi, na salamu juu yake. Mkuu akawa anasema, "Huyu kijana anawahi kazini kuliko mlinzi." Kijana mwenyewe saa hiyo yuko kitandani, anakoroma.

Sasa, wapendwa, mtu akishazoea kufanyiwa kila kitu, anaishia wapi? Siku moja akajiuliza: mama yangu kule kijijini namsalimia kila asubuhi kwa maneno yale yale, naye ananijibu yale yale. Ya nini kuhangaika? Akaandika programu. Asubuhi inatuma, "Shikamoo mama, umeamkaje?" Mama akijibu, inatazama neno linalofuata baada ya marahaba. Ikikuta "salama", au "nzuri", au "sijambo", inamjibu, "Namshukuru Mungu, mama. Uwe na siku njema." Ikikuta neno jingine lolote, inamshtua kijana kwamba kuna tatizo. Akampa mama namba ya kompyuta ile na kumwambia, "Mama, hii ndiyo laini yangu mpya."

Nawauliza, hasa ninyi akina mama. Nani kati yetu akiulizwa habari huanza na tatizo? Nyumba imeungua, umekaa uani juu ya godoro lililookolewa, jirani anapita anakuuliza habari za asubuhi. Unamjibuje? "Nzuri." Kisha ndiyo unasema, "Ila nyumba imeungua." Ndivyo tulivyolelewa. Humrushii mtu msiba usoni hata hajasimama vizuri.

Basi mama akakanyaga msumari shambani. Asubuhi salamu ikaja, akajibu, "Marahaba. Salama, ila nimechomwa na msumari."

"Namshukuru Mungu, mama. Uwe na siku njema."

Mama akashangaa kidogo, akajiambia mtoto ana haraka. Kesho yake akaandika, "Marahaba. Salama, ila mguu umevimba, hauingii kwenye kiatu."

"Namshukuru Mungu, mama. Uwe na siku njema."

Mama akampelekea jirani yake ile simu. Jirani akasoma, akarudia kusoma. "Shoga, mwanao ameokoka?"

"Ameokoka," mama akasema, "lakini si hivi."

Asubuhi iliyofuata akaandika waziwazi, "Marahaba. Salama, ila mguu naona unaoza." Naye mtoto, kama kawaida, akamshukuru Mungu na kumtakia siku njema.

Mnasema, si angepiga simu? Apige amwambie nini zaidi? Mtu umemwambia mguu unaoza, anakutakia siku njema! Mama akapanda basi.

Akafika ofisini mguu mmoja una kiatu, mwingine umefungwa khanga. Kijana yuko mbele ya kompyuta, anarekebisha programu yake nyingine. Kumwona mama alifurahi, tena alifurahi kweli. Akainuka nusu kwenye kiti. "Shikamoo mama! Karibu! Habari za safari?"

"Marahaba. Salama."

"Namshukuru Mungu, mama," kijana akasema, na macho yakarudi kwenye kompyuta.

Mmesikia? Hapo hapakuwa na programu. Huo ulikuwa mdomo wake mwenyewe.

Mama akabaki amesimama. "Ila," akasema, na akaanza kufungua ile khanga. Ofisi nzima ikasikia harufu.

Daktari aliuokoa mguu. Kidole kimoja hakikuokolewa.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuilaumu kompyuta. Iacheni Perl ya watu! Ilifanya kile ilichofundishwa, na aliyeifundisha alikuwa akiyafanya hayo hayo siku nyingi kabla hajaiandikia neno hata moja. Na sisi je? Hapo mlangoni asubuhi hii tumeshikana mikono. "Bwana asifiwe, habari za wiki?" "Nzuri." "Amina!" Na mkono umeshahamia kwa mwingine. Humu ndani yupo mtu aliyefungua mdomo aseme ila, akakuta anaongea na mgongo wako. Kaingia na hiyo ila yake, kaimba nayo, na sasa hivi amekaa nayo hapo kwenye benchi.

Lakini tukipiga magoti sisi wenyewe, inakuwaje? "Asante Baba kwa uzima." Asante ni hiyo moja. Zinazofuata ni ila tupu: ila ada ya watoto, ila mgongo, ila huyu mume uliyenipa. Umewahi kumsikia Mungu akikukata pale kwenye asante, akakutakia siku njema? Anakusikiliza mpaka unachoka wewe. Inaniuma, wapendwa, kwamba tunataka kusikilizwa hivyo, na waliotuzaa tunawapa neno moja.

Kwa hiyo baraka sitoi sasa hivi. Kaeni kwanza. Geuka kwa huyo aliye karibu nawe, umwulize habari zake. Akisema nzuri, usiseme amina. Nyamaza, mtazame, usubiri.