Ngano Iliyongoja Kujaa Kukubwa

"Mngoja ijae huiokota chini." Mmeyasikia maneno haya akiambiwa kijana aliyekataa kazi nzuri akisubiri iliyo nzuri zaidi. Mkacheka, kisha mkauliza kinachookotwa ni kitu gani. Ni ngano. Na methali hii ilianza hivi, mbali na kwetu, katika kijiji kimoja cha bondeni nchini China.

Wachina wa kale walikuwa watazamaji hodari. Walilifuata jua mwaka mzima, wakaugawa mwendo wake katika vituo ishirini na vinne, na kila kituo wakakipa jina ambalo mkulima akilisikia hujua la kufanya. Kuna Joto Dogo, halafu Joto Kubwa. Kuna Theluji Ndogo na Theluji Kubwa, Baridi Ndogo na Baridi Kubwa. Watoto huviimba. Na kiangazi kinapoingia, punje za ngano zikianza kunenepa, kuna Kujaa Kudogo.

Kijijini humo aliishi Guihua na mumewe, Qiu Dashan, pamoja na mtoto wao Lin na mama mkwe wake Guihua. Shamba lao lilikuwa hilo hilo moja: ngano ikitoka, mpunga unaingia. Ngano ndiyo iliyowavusha majira ya baridi. Mwaka huo ilistawi hata wapita njia wakawa wanasimama kuitazama, na sifa zikamlewesha Dashan. Kujaa Kudogo kukapita, majirani wakanoa miundu. Guihua akatia punje mdomoni, ikalia kati ya meno yake: imekomaa. Kitaluni, miche ya mpunga ilianza kuwa ya manjano kwa kungoja shamba.

"Baba Lin, tukate."

"Tukate nini? Huko kulikuwa Kujaa Kudogo tu. Kukubwa bado."

"Nani kakwambia kunakuja?"

"Kila kidogo kina kikubwa chake! Umewahi kuona Joto Dogo likaja peke yake?"

Mama mkwe, aliyekuwa akisokota kamba za kufungia miganda, alicheka hadi akakohoa. "Hebu vitaje, mwanangu. Baada ya Kujaa Kudogo?"

"Masuke Yenye Ndevu."

"Na baada ya hapo?"

"Kilele cha Jua. Halafu Joto..." Dashan akahesabu tena kwa vidole; Kujaa Kukubwa hakukuwamo. Kisha kiburi kikamrudia. "Basi waliopanga walisahau."

"Walikumbuka baridi mara mbili, wakasahau chakula?"

Guihua hakucheka. Alikuwa akiitazama miche. "Nipe upande wa chini, ulio karibu na mfereji," alisema. "Wa juu ungoje wewe."

Dashan akakubali, ili apate kuwaonyesha.

Guihua alikata mpaka viganja vikachubuka, na bibi kizee yule akafunga miganda nyuma yake bila kuomba kupumzika. Wakapura, wakafungulia maji, wakapandikiza mpunga. Upande wa juu ngano ilibaki imesimama, kavu, inang'aa, inapendeza kwelikweli.

Kisha upepo ukaja, na mvua nyuma yake. Vilipotulia, masuke yalikuwa matupu, punje zimetapakaa topeni.

Dashan alichukua ungo akapiga magoti. Guihua naye akaja na ungo wake, akapiga magoti kando yake. Jirani yao Shen, akipita njiani, hakuweza kujizuia.

"Dashan! Vipi, Kujaa Kukubwa kumefika?"

Guihua alidhani mumewe atatukana. Lakini Dashan alifungua kiganja, akazitazama punje zilizochanganyika na tope, akatikisa kichwa akicheka.

"Kumefika, jirani. Kumefikia chini. Waambie wanao: mngoja ijae huiokota chini. Na aliye na mke kama wangu amshukuru, maana ndiye atakayemlisha."

Ikawa hivyo. Baridi Ndogo ikaja, Baridi Kubwa ikaja, na nyumba ile ikala ngano ya upande wa mfereji. Miaka yote iliyofuata, Kujaa Kudogo kulipopita, mundu wa kwanza kusikika ukinolewa kijijini ulikuwa wa Dashan. Wala waliopanga vile vituo hawakuwa wamesahau kitu.

Mngoja ijae huiokota chini.